GARI LA KIZAMANI HALIUZWI KWA KUNG'AA: MAMBO 6 NILIYOJIFUNZA NIKIUZA FIAT YA BABU

Leo siongelei simu wala viatu, naongelea gari. Hata kama unauza masufuria soma tu, somo ni lilelile.

Mimi nina duka dogo la spea za pikipiki hapa Makutupora, na mtandaoni nauzia watu vitu vyao kwa kamisheni. Mwaka jana Babu mmoja jirani yangu alinikabidhi Fiat 1100D ya Italia, usukani kulia, imefufuliwa upya. Bodi imenyooka, rangi nyekundu inawaka. Alitaka hela amalizie kisima kwenye shamba lake la zabibu. Nikajisemea hii ni ya wiki moja tu.

Nikapiga picha kumi, nikaandika: "Kitu cha Italia, cha zamani, kikali, njoo inboksi." Likes kibao. Wa kuuliza bei kibao. Aliyekuja ni mmoja tu, kapanda SGR kutoka Dar mpaka Dodoma mjini, nikaenda kumpokea. Kaliangalia gari dakika tano, kaomba kadi, kafungua boneti, kasoma namba. Akaniambia: "Dogo, kadi inasema nyeupe, gari ni jekundu. Kadi inasema cc 1221, hii injini ni ya 1089. Naomba unirudishe stesheni."

Njia nzima hakuongea. Na mimi nilikuwa nawaza namna ya kwenda kumwambia Babu.

Baadaye tuliliuza. Haya ndo niliyojifunza katikati hapo.

1. JUA UNACHOUZA KABLA HUJAANDIKA NENO
Fiat 1100D ilitengenezwa Italia miaka ya 1960. Gari hilohilo kampuni ya Premier ilikuwa inalitengeneza Bombay, India, kwa leseni ya Fiat, na baadaye likaitwa Premier Padmini. Ndo zilizokuwa zile teksi nyeusi na njano za Mumbai mpaka 2023. Ukiziweka pamoja ni kama mapacha, na za India zina usukani kulia kwa sababu nao wanaendesha kushoto kama sisi. Tofauti kubwa iko kwenye injini: 1100D ya Italia ni cc 1221, Padmini ni cc 1089.
Kumbe fundi wa Babu alikosa spea, akaweka injini ya India. Hilo si kosa, gari linatembea vizuri. Kosa lilikuwa langu, kuandika "kitu cha Italia" bila kumuuliza Babu hata swali moja.

2. "USUKANI KULIA" UTHIBITISHE KWA PICHA
Italia wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo gari zao nyingi zina usukani kushoto. Zilizolengwa kuuzwa nchi za kuendesha kushoto zilitoka kiwandani na usukani kulia. Lakini zipo ambazo fundi wa mtaani amehamisha usukani, na mteja anayejua anaogopa hizo, maana usukani ni roho yake. Ataangalia haya:
- Ukuta kati ya injini na ndani ya gari: je, upande wa kushoto kuna kiraka cha kuchomelea?
- Waipa: zinafuta vizuri upande wa dereva?
- Taa za mbele: ukipunguza mwanga, zinamulika zaidi kushoto, pembezoni mwa barabara? Taa za gari la Italia zinamulika zaidi kulia, zitampiga machoni anayekuja.
Piga picha vyote hivyo, viweke kwenye posti.
Na usibishane na wateja wazee. Lancia, kampuni ya Italia, iliweka usukani kulia hata kwa gari za kwao mpaka miaka ya 1950. Ukibisha hilo unaonekana hujui bidhaa yako.

3. KADI NA GARI VIONGEE LUGHA MOJA
Namba ya chesisi, namba ya injini, ukubwa wa injini, rangi. Gari likifufuliwa, vitu hivi ndo hubadilika na hakuna anayekumbuka kadi. Sisi tulianza polisi gari likakaguliwa, tukaenda TRA kubadilisha taarifa. Usumbufu upo, lakini fanya kabla hujatangaza. Mteja akigundua mwenyewe, hata ukiwa mkweli anakuona mwizi.

4. ONYESHA KILICHOFICHWA
Rangi mpya inaficha kutu na puti, kila mtu anajua hilo. Kwa hiyo rangi peke yake haimshawishi mtu, inamtia wasiwasi. Onyesha chini ya gari, chini ya mazulia, ndani ya buti. Weka picha za kabla ya ukarabati na risiti za spea.
Hapa sisi wa Dodoma tuna bahati. Kwetu ni kukavu, hatuna upepo wa chumvi kama pwani, bodi inadumu. Kama gari limekaa huku miaka mingi, liandike hilo. Mimi posti ya kwanza nililiacha!

5. MTEJA WA NCHI JIRANI, TULIA KWANZA
Mmoja wa Kenya alitaka kutuma advansi siku hiyohiyo. Kenya wanaendesha kushoto kama sisi, ila hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda mwisho ni miaka 15. Nikamwambia aulize kwanza kwa wakala wake wa forodha. Hakurudi, na sijutii. Advansi ya mtu ambaye hawezi kulichukua gari ni deni, si hela. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, huko usukani wako ni kikwazo.

6. ANDIKA KASORO NA BEI
Posti ya pili niliandika hivi: "Fiat 1100D, bodi ya Italia, usukani kulia wa kiwandani, injini ya Padmini ya India cc 1089, kadi imesharekebishwa. Limekaa Dodoma. Geji ya mafuta haifanyi kazi, mlango wa nyuma kushoto unagoma. Milioni 14, maongezi yapo. Njoo na fundi wako."

Likes zilikuwa chache kuliko mwanzo. Ila waliopiga simu waliuliza maswali ya mtu mwenye hela. Nikampigia tena yule kaka wa Dar, nikamtumia picha ya kadi mpya. Akaja na fundi wake. Wakalala chini ya gari karibu saa nzima. Tukafunga kwa milioni 12, mkataba wa mauziano ukaandikwa mbele ya mwanasheria, hela ikapita benki.

Babu hakunilaumu kwa ile milioni mbili. Alisema, "Mjukuu wangu, angalau hatarudi kunidai." Kisima kimeisha.

Nikaingia kwenye posti zangu za spea nikaanza kuandika kasoro: "imetumika", "ina mkwaruzo". Simu za malalamiko zimepungua.

Wewe unauza nini ambacho kilitengenezwa upya? Kasoro yake umeiandika? Tuambie hapo chini, na mtumie mwenzako anayeuza vitu vya mtumba.