Seli za Njia ya Hewa: Utafiti Upo, Tiba Bado

Wakazi wa Kalama wenye pumu au kikohozi sugu wanashauriwa wasilipie matibabu ya mapafu ya “seli shina”. Hizi ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine. Mwaka wa 2007, Shinya Yamanaka wa Japani na wenzake walirudisha seli za ngozi ya binadamu katika hali hiyo. Leo watafiti hukuza seli kama hizo maabarani hadi ziwe za njia ya hewa, zenye vijinywele vinavyosukuma makohozi nje. Hata hivyo, hii bado si tiba ya hospitalini. Mwenye pumu asiache inhela yake. Anayekohoa kwa wiki mbili afike kituo cha afya cha serikali. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.