Meja Sidney Freedman, Mgeni wa Kambi ya 4077

Katika tamthilia za televisheni, kama zilivyo hadithi ndefu za vitabuni, wako wahusika wakaao tangu mwanzo hata mwisho, na wako wageni ambao huja, wakasema yao, wakaenda zao. Na aghalabu mgeni wa namna hiyo husahauliwa kabla ya juma kwisha. Meja Sidney Freedman hakusahauliwa. Katika M*A*S*H, tamthilia ya Kimarekani iliyosimulia habari za hospitali ya jeshi katika vita vya Korea, na ambayo ilionyeshwa tangu Septemba 1972 hata Februari 1983 kwa sehemu zaidi ya 250, daktari huyu wa maradhi ya akili alitokea katika sehemu 12 tu. Na hata hivyo wapenzi wa tamthilia ile wanapokutana kukumbushana ya zamani, jina lake hutajwa mapema, na hutajwa kwa mapenzi ambayo baadhi ya wakazi wa kudumu wa kambi hawakuyapata.

Kwa msomaji ambaye hakuiona, yafaa kueleza kidogo. Vita vya Korea vilidumu miaka 3, tangu 1950 hata 1953, ilhali tamthilia iliyovisimulia ilidumu misimu 11. Asili yake ni riwaya ya Richard Hooker iliyotoka mwaka 1968, ikafuatwa na senema ya Robert Altman ya mwaka 1970. Na maskani ya kisa ni kambi ya mahema yenye namba 4077, karibu na mstari wa mapigano, ambako majeruhi huletwa kwa helikopta wangali wakivuja damu, nao madaktari wapasuaji, ambao baadhi yao ni vijana waliotwaliwa kwa nguvu ya sheria kutoka maisha ya kiraia, huwashona usiku kucha ili wenye kupona warudishwe vitani. Ni tamthilia ya kuchekesha, na desturi ya televisheni ya Marekani siku zile ilikuwa kupachika vicheko vya hadhira baada ya kila mzaha. Lakini kila mara kisa kilipoingia chumba cha upasuaji vicheko hivyo viliachwa, hata mtazamaji aliyekuwa akicheka dakika moja nyuma akajikuta hasikii ila mlio wa vyuma na sauti za madaktari wakiomba uzi na makasi.

Sidney aliingia kambini mara ya kwanza mwaka 1973, na mashabiki wenye kumbukumbu kali hupenda kukumbusha kwamba siku ile aliitwa Milton. Alikuja kumpima Koplo Klinger, ambaye huvaa magauni ya kike ili adhaniwe kuwa mwenda wazimu na kurudishwa kwao. Daktari mwingine angemkemea, au angemcheka. Sidney alimsikiliza, akaona dhahiri kwamba mtu huyu ana akili zake timamu, kisha akamwambia kwa upole kwamba yu tayari kutia sahihi karatasi za kumtoa jeshini, mradi Klinger aridhie kuandikwa kuwa ni mtu wa mwenendo ambao jeshi la wakati ule liliuhesabu kuwa ni aibu, na maandishi hayo yamfuate maisha yake yote. Klinger akakataa, akalalama kwamba yeye si hayo yote, yeye ni mwenda wazimu basi.

Mashabiki hukumbuka zaidi ya yote namna yake ya kusikiliza. Allan Arbus, mwigizaji aliyemwigiza, alikuwa na nywele za kusokoteka, masharubu, sauti ya chini na macho ya mtu asiye na haraka, na alikaa kitini kama mgeni aliyekuja kucheza karata, maana mara nyingine ndilo hasa lililokuwa limemleta. Alan Alda, mwigizaji mkuu wa tamthilia ile, alisimulia baadaye kwamba aliamini mno kuwa mwenzake ni tabibu wa kweli, hata akawa akikaa naye baina ya kazi na kumweleza mambo yake, mpaka alipotambua kwamba Arbus anamtazama kwa mshangao, asijue la kumjibu.

Lakini usikilizaji peke yake usingemwacha moyoni mwa watu miaka mingi hivi. Naona sababu yenyewe ni kwamba waandishi walithubutu kuiweka wazi dhiki iliyomo katika kazi yake. Katika vita vile vya Korea madaktari wa jeshi la Marekani, miongoni mwao Albert Glass, walishika kanuni kwamba askari aliyevunjika nafsi asipelekwe mbali, bali atibiwe karibu na mapigano, apewe chakula, usingizi na maneno ya kumtuliza, kisha arejeshwe upesi kwa wenzake. Na kanuni hiyo iliwarudisha wengi kazini. Tatizo ni hilo neno kazini. Tabibu wa tumbo humponya mtu ili aishi. Tabibu wa nafsi aliyevaa sare humponya mtu ili aende tena mahali palipomvunja. Katika sehemu iitwayo "War of Nerves", ya mwaka 1977, Sidney anafika kambini akiwa yeye mwenyewe amejeruhiwa, na kitanda kimoja kinamlaza kijana ambaye alimtibu na kumshawishi arudi mstari wa mbele, naye sasa amepigwa na anamchukia kwa chuki isiyofichika. Sidney hajitetei. Na mtazamaji anaachwa na swali ambalo hakuna mwandishi aliyejitia kulijibu kwa ajili yake.

Yafaa pia kukumbuka zama zenyewe. Marekani ilikuwa ndiyo kwanza imetoka Vietnam, na ni mwaka 1980, tamthilia ikiwa ingali ikionyeshwa, ndipo chama cha madaktari wa maradhi ya akili wa nchi ile kilipoyaingiza rasmi katika orodha ya maradhi yale madhara ya nafsi yanayomwandama mtu baada ya maafa. Kabla ya hapo watu waliokuwa wakitetemeka usiku majumbani mwao walikuwa wamekwisha kumwona Meja mmoja, katika kioo cha televisheni, akikaa na mtu kama wao bila kumwita mwoga.

Sehemu ipendwayo kupita zote, kwa wengi, ni "Dear Sigmund" ya mwaka 1976, iliyoandikwa na kuongozwa na Alda mwenyewe. Humo mgonjwa mmoja wa Sidney amejiua, na daktari, akiwa amezidiwa na majonzi, anakuja kambini kucheza karata, kisha haondoki. Anakaa siku baada ya siku, akimwandikia barua Sigmund Freud, ambaye alikwisha kufariki tangu 1939, na kumweleza jinsi watu hawa wanavyotumia mizaha na masihara kama ngao ya kuzuia wazimu. Ni jambo adimu katika tamthilia ya kuchekesha, kumwona mponyaji akiugua na kutibiwa pasipo dawa, kwa kukaa tu na watu waliochoka kama yeye.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameletewa Kapteni Chandler, mrushaji mabomu kutoka angani, ambaye baada ya safari nyingi za kuua alijitambulisha kwa utulivu kuwa ndiye Kristo. Wako waliotaka arudishwe haraka kwenye ndege. Sidney alikaa naye, akaona kwamba hana hila yoyote, kwamba huyu ni mtu aliyeshindwa kustahimili alivyo, na hakumdhihaki wala hakumbishia. Kijana Radar, karani wa kambi, naye akaja kwa haya kumwomba kapteni yule ambariki mwanasesere wake wa dubu.

Ama sehemu ya mwisho, iliyoonyeshwa tarehe 28 Februari 1983 na kutazamwa na Wamarekani wapatao milioni 106, ndiyo iliyomfunga Sidney katika kumbukumbu za watu. Daktari Hawkeye Pierce, shujaa wa tamthilia, amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Anasimulia safari ya basi: wanarudi kutoka pwani, wanaimba, chupa ya pombe inapita kutoka mkono hata mkono. Sidney anauliza, kisha anarudia kuuliza, na chupa ile inageuka kuwa chupa ya plazma inayopelekwa kwa majeruhi. Kisha basi limesimama gizani, askari wa adui wako karibu. Mwanamke mkimbizi ana kuku asiyetaka kunyamaza, Hawkeye anamkaripia amnyamazishe, na mama yule anamnyamazisha kuku kwa kumuua. Sidney hasemi neno la busara hata moja. Anangoja, mpaka Hawkeye anabubujikwa na machozi na kukiri kwamba hakuwa kuku, alikuwa mtoto mchanga. Anamtukana Sidney kwa kumkumbusha, naye Sidney analipokea tusi lile kama malipo ya haki ya kazi yake.

Baada ya hayo anatokea mara moja tena katika chumba cha upasuaji, anawaaga kwa usia uleule aliowapa mwaka 1974, kwamba washushe suruali zao wakateleze juu ya barafu. Usia wa kipuuzi kabisa, ambao mashabiki wanaujua kwa moyo na hurudishiana wanapoagana.

Arbus hakuwa mwigizaji tangu ujana. Alizaliwa New York mwaka 1918, akapiga picha kwa ajili ya jeshi huko Burma katika vita kuu vya pili, vita ambavyo askari wetu wa Keya (King's African Rifles) nao walivipigana katika misitu ileile, kisha akaendesha kazi ya picha za mitindo pamoja na mkewe wa kwanza, Diane Arbus, ambaye alikuja kuwa mpiga picha mashuhuri kuliko yeye. Uigizaji aliufuata akiwa mtu mzima. Alifariki Los Angeles tarehe 19 Aprili 2013, akiwa na umri wa miaka 95.

Msomaji atakayebahatika kuipata tamthilia hii asianze na sehemu ya mwisho, hata kama sifa zake zimemfikia. Aanze na "Dear Sigmund", amzoee Sidney mezani pa karata, kisha aende katika basi lile akiwa amekwisha kumwamini.