Tranka la Bodingi, Sumaku ya Spika

Oya masista duu wa Green City, yaani Mbeya, na wa Iringa, tuseme ukweli: geto hakuna kitu kinapotea kama pini. Jumamosi umebeba pakti nzima Mwanjelwa, Jumatano unamgongea jirani akuazime mbili ubane nywele uwahi kipindi. Kikata kucha ndo usiseme, hicho kina miguu. Ile sindano ya kushonea wivingi utaipata tu, ila usiku, kwa unyayo.

Mtandaoni wenzetu wanabandika mkanda wa sumaku ukutani, mkasi wa nyusi na vibanio vinaning'inia kwa mstari, kishua kinoma. Wazo limetoka jikoni, kwenye mikanda ya kushikia visu. Lipo poa, tatizo ukuta wetu. Vyumba vingi tunavyopanga, kuanzia Iyunga kwa wana wa chuo cha MUST mpaka Kihesa, Iringa, ni tofali la kuchoma, plasta nyepesi, juu chokaa. Gundi inaishika chokaa vizuri tu, sema chokaa yenyewe haijaushika ukuta. Asubuhi mzigo wote upo chini. Ukisema utoboe na drili, mwenye nyumba naye atakutoboa kwenye kodi.

Sasa chungulia chini ya kitanda. Si lipo tranka? Lile la bati ulilobeba fomu wani, jina lako bado limeandikwa kwa rangi. Mfuniko wake ni chuma, kwa hiyo sumaku inajishika yenyewe bila msumari. Ukifungua, vitu vyako vyote vinakutazama. Ukifunga, upepo wa Iringa na vumbi lake vinaishia nje, na watoto wa jirani pia. Hapo kwa watoto sileti utani: mtoto akimeza sumaku ndogo mbili, zinavutana tumboni na kuubana utumbo katikati, na hiyo ni kesi ya upasuaji.

Sumaku yenyewe usinunue. Nenda kwa fundi friji, muombe raba ya mlango wa friji lililokufa. Ichane kwa wembe, ndani utakuta utepe mweusi unaopindika. Huo ndo mkanda wa sumaku, kama ule wa mtandaoni, ila dhaifu zaidi kwa sababu ni unga wa sumaku uliochanganywa na plastiki. Jaribu pande zote mbili kwa pini, mara nyingi upande mmoja unavuta kuliko mwingine. Wenye nguvu ukae nje, ule mwingine upige gundi kwenye bati. Utabeba pini, sindano na nyembe bila shida. Mkasi utaushinda.

Mkasi unataka sumaku ya spika. Kwa fundi redio zipo kibao, ile duara nyeusi nyuma ya spika iliyoungua. Mwache aitoe yeye, maana ukiigonga nyundo kwa hasira inapasuka kama kigae. Mafundi cherehani washaijua zamani, wanaipitisha sakafuni kuokotea sindano zilizodondoka. Ila ukiuacha mkasi hapo muda mrefu, nao unageuka sumaku. Unataka kukata uzi, unakuja na pini tatu zimening'inia. Inakera, ila ndo hivyo.

Si kila kinachong'aa kitanasa. Brashi nyingi za poda zina shingo ya aluminiamu, hizo sumaku haizijui kabisa, zitumbukize kwenye kikombe. Stenlesi nayo ina ukoo mpana: ile inayotengenezewa makali ya mkasi kwa kawaida inanasa, ile yenye nikeli nyingi inadondoka. Ndo maana kibanio kimoja cha nyusi kinashika, mwenzake wa bei ileile kinakudharau. Ukienda kununua pale Mashine Tatu, Iringa, tembea na kipande cha ule utepe wa friji kwenye pochi, umalize ubishi hapohapo mezani.

Wana wa Mbeya mna mtihani wenu mwingine. Jiji lipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua ikianza Novemba inaweza kuwasindikiza mpaka Mei. Ukibandika kikata kucha kina maji, yale maji yanabanwa kati ya chuma na sumaku, hayapati pa kukaukia, na kutu inaanzia hapo. Futa kwanza, kisha pitisha kidole chenye mafuta ya mgando. Mkishea geto, kila mtu awe na mstari wake kwenye mfuniko. Pini azimaneni mpaka mchoke, wembe hapana.

Kwa wapenzi wa kucha, ile rangi ya jicho la paka ina unga wa chuma ndani. Fundi akisogeza sumaku juu ya kucha mbichi, unga unajipanga na ule mstari unatokea. Usithubutu kufanyia kazi hiyo karibu na sumaku ya spika, mstari wako utaelekea Tunduma.

Afu kadi ya benki isilale kwenye tranka hilo. Ule mstari mweusi wa nyuma unatunza taarifa kwa sumaku, na sumaku ya spika inaweza kuufuta. Chipu itapona, ila kuna mashine bado zinausoma mstari, na bahati yako utakutana nayo siku boom la mkopo limeingia, foleni imefika barabarani.