Shiraz kwa Jicho la Mwalimu wa Kiswahili

Tunapofundisha mada ya chimbuko la Kiswahili, jina la Shiraz hutajwa haraka haraka: Washirazi walitoka huko, wakafika Kilwa na Unguja, basi. Mwanafunzi wetu hapa Uganda hubaki hajui kama Shiraz ni mji, kisiwa au kabila. Makala haya yanamtembeza msomaji katika mji huo na viunga vyake, kwa kuwa yanayoonekana huko yanaeleza mambo ambayo vitabu vya kiada huyapita juu juu.

Kwanza, Shiraz si mji wa pwani. Ni makao makuu ya mkoa wa Fars, kusini magharibi mwa Irani, katika uwanda ulioinuka takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kati yake na Ghuba imesimama milima ya Zagros. Hakuna jahazi lililowahi kung'oa nanga Shiraz. Katika karne ya 9 na ya 10 wasafiri waliondokea Siraf, bandari ambayo magofu yake yapo ufukweni mwa Ghuba, na al-Mas'udi, mwandishi wa karne ya 10, aliwataja mabaharia wa Siraf waliosafiri hadi nchi ya Zanji. (Maneno bandari na nahodha yenyewe ni ya Kiajemi.) Kwa hiyo aliyejiita Mshirazi huenda alijinasibisha tu na mji wenye sifa, kama vile mtu wa Mukono akiwa ughaibuni anavyosema ametoka Kampala.

Je, hii ina maana kwamba usuli wa Kishirazi ni hadithi tupu? La. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023 ulichunguza mabaki ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani. Ulionyesha kwamba wengi walikuwa na mababu wa Kiafrika, hasa upande wa wanawake, na mababu wa Kiasia, hasa wanaume kutoka Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000. Kwa maoni yangu matokeo haya yanawiana vizuri na sarufi: ngeli na vitenzi vya Kiswahili ni vya Kibantu, na Kiajemi kimeacha msamiati tu.

Msamiati huo ndio unaomshtua mgeni wa Shiraz anayejua Kiswahili. Katikati ya mji ipo ngome ya Karim Khan Zand, aliyetawala kutoka mwaka 1751 hadi 1779 na kuufanya mji huu kuwa makao yake makuu. Mnara mmoja kati ya minne ya ngome hiyo umeinama waziwazi. Karim Khan alikataa cheo cha shaha akajiita Vakil, yaani wakili wa raia. Ndiyo maana karibu na ngome kuna Soko la Wakili, Msikiti wa Wakili wenye nguzo 48 za mawe yaliyochongwa, na Hamamu ya Wakili. Aliyefika Hamamni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, atalitambua neno hilo mara moja. Hata hivyo, mwalimu awe mwangalifu: wakili na hamamu ni maneno ya Kiarabu yaliyoingia katika lugha zote mbili. Kufanana peke yake hakuthibitishi ukopaji wa moja kwa moja.

Mfano ulio salama zaidi umo katika Msikiti wa Nasir ol-Molk, uliojengwa kati ya 1876 na 1888. Wageni huenda asubuhi, jua linapopenya vioo na kumwaga nyekundu, buluu na njano juu ya mazulia. Tukisema "madirisha ya rangi" tumetumia maneno mawili ya asili ya Kiajemi: dariche, yaani mlango mdogo, na rang.

Kisha kuna makaburi ya washairi. Hafez, aliyefariki karibu mwaka 1390, amelazwa chini ya kuba linalobebwa na nguzo nane, lililojengwa katika miaka ya 1930. Watu hufika jioni, hufungua diwani yake bila kuchagua ukurasa, na kusoma shairi kama fali. Ndiyo diwani ileile ya Shaaban Robert. Saadi, mshairi wa karne ya 13, yuko kaskazini mashariki mwa mji. Kitabu chake cha mwaka 1257 kinaitwa Bustan, na sisi tuna bustani.

Nje ya mji, mwendo wa kilomita 60 hivi, ipo Takht-e Jamshid, ambayo Wagiriki waliiita Persepolis. Dario wa Kwanza aliianza karibu mwaka 518 K.K., na Aleksanda akaichoma mwaka 330 K.K. Mgeni asiharakishe kwenye ngazi za ukumbi wa Apadana. Zimechongwa misafara 23 ya mataifa ikileta zawadi kwa mfalme. Msafara mmoja ni wa Waafrika watatu wa Kushi, mmoja amebeba pembe ya ndovu, na mwingine anaongoza mnyama ambaye wengine humwona twiga na wengine okapi. Pembe za ndovu zilikuwa zikifika Uajemi zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kilwa kupata umaarufu. Kilomita chache kutoka hapo ni Naqsh-e Rostam, makaburi manne ya wafalme yaliyochimbwa juu katika mwamba. Neno naqsh ni nakshi zetu.

Mji hufurika wageni wakati wa Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi, tarehe 20 au 21 Machi. Mwaka Kogwa wa Makunduchi una asili hiyohiyo, lakini husherehekewa mwezi Julai, kwa kuwa kalenda ya Waswahili ilihesabu siku 365 bila kuongeza siku ya mwaka mrefu, na sikukuu ikazidi kusogea.