Mkojo wa Mgonjwa Upimwe

Wazee wa Usambara walijua tangu zamani kwamba kushuka kutoka Lushoto, penye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hadi kwenye joto la nyika ya Mombo ni safari yenye hatari. Mtaalamu wa Kijerumani Robert Koch, aliyekuwa katika nchi hii mwaka 1897 na 1898, alifika Kwai, kaskazini ya Lushoto. Akakuta watu wa milimani wakiiita homa ya nyikani kwa jina lile lile la mdudu, yaani mbu. Walimweleza kwamba wakishuka huumwa na mbu, kisha huugua. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa wangali wakibishana juu ya jambo hilo, na Ronald Ross alikuwa ndiyo kwanza ameviona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko Bara Hindi. Elimu hiyo ilikuwa ya wananchi, ijapokuwa sifa zilikwenda kwingine.

Koch alichunguza pia homa ya mkojo mweusi, iliyowaua wageni wengi wa zama zile. Yeye aliilaumu kwinini yenyewe. Leo inafahamika kwamba katika ugonjwa huo chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi, kwa sababu ya malaria kali au kwa malaria pamoja na dawa, na rangi yake huchujwa na figo hata mkojo ukawa mweusi. Figo huumia, na pengine husimama kazi kabisa katika muda wa siku chache tu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo safu hii inataka lieleweke. Mgonjwa ambaye figo zake, au nso kama wasemavyo wazee wa pwani, zimesimama ghafla, mara nyingi hafi kwa maumivu ya figo. Hufa kwa moyo, kwa mapafu au kwa ubongo, na jamaa zake hurudi kutoka makaburini bila kujua kilichomuua.

Tuanze na moyo. Figo ndizo zinazotoa mwilini chumvi iitwayo potasiamu. Zisipoitoa, chumvi hiyo hujaa katika damu na kuvuruga mapigo ya moyo, na moyo waweza kusimama pasipo onyo lolote. Ndugu zetu wa Visiwani wana desturi njema ya kumnywesha mgonjwa maji ya dafu. Kwa mtu anayekojoa vizuri hakuna ubaya. Lakini dafu lina potasiamu nyingi, kadhalika ndizi na viazi tunavyovila milimani, na kwa mtu asiyepata mkojo vitu hivyo vyaweza kuwa sumu.

Mapafu nayo hujaa maji. Mgonjwa aliyefika amekauka kwa kuhara au homa huhitaji maji ya mishipa, na huenda yakamwokoa na hata kuziokoa figo zenyewe. Ila kama figo zimekwisha simama na chupa zinaendelea kutundikwa bila mtu kuuliza maji hayo yanatokea wapi, mgonjwa atazama kitandani. Tindikali iliyobaki katika damu humfanya apumue kwa nguvu na kwa haraka, akadhaniwa ana kichomi. Wataalamu wanaeleza pia kwamba figo iliyojeruhiwa huchangia kuingiza katika damu kemikali za uvimbe, nazo huyaumiza mapafu na moyo hata pasipo maji kuzidi.

Kisha ubongo. Uchafu usiotolewa humletea mgonjwa kwikwi, kutapika, kupayapaya na kifafa. Ni wangapi wamepelekwa kupungwa mashetani hali ugonjwa uko kiunoni! Aidha damu hukosa kuganda vyema, tumbo huweza kuvuja damu, na kinga ya mwili hulegea.

Kwa nini tunawaambia haya watu wa Unguja na Pemba? Kwa sababu wao sasa wamefika pale walipokuwa watu wa milimani zama za Koch. Tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa dawa mpya, vyandarua na kupuliza dawa majumbani, malaria Visiwani ilishuka mno, na kwa miaka mingi vimelea vilionekana kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Huo ni ushindi mkubwa. Lakini kijana aliyekulia bila malaria hana kinga, na akivuka kwenda kufanya biashara Tanga au Muheza, homa yaweza kumpiga kwa ukali usiojulikana na babu yake. Akirudi nyumbani anatetemeka, aseme alikotoka, na damu ipimwe siku hiyo hiyo. Asijitibu kwa kumeza vidonge vya maumivu mfululizo wala kwa mizizi asiyoijua, maana vyote viwili vyaweza kuzimalizia figo zilizokwisha dhoofika.

Kwa watendaji wa Serikali tuna neno pia. Hospitali ya Moshi, KCMC, ilianza mwaka 2009 kuwasafisha damu wagonjwa wa namna hii kwa kupitisha maji maalumu tumboni, njia isiyohitaji mashine kubwa wala umeme mwingi, na wengi waliotibiwa walipona, kwani figo zilizosimama ghafla huweza kufufuka zikipewa siku za kupumzika. Haifai huduma hiyo iwe ya mji mmoja. Lakini kabla ya hiyo kuna la kuanzia, nalo ni rahisi: chombo chenye alama za vipimo chini ya kila kitanda cha mgonjwa mahututi, na daftari la kuandika amekunywa kiasi gani na amekojoa kiasi gani. Mtu mzima asiyefikisha hata nusu lita ya mkojo kwa siku nzima asingojewe hadi kesho. Apimwe damu na kutafutiwa gari, na mganga anayempokea apelekewe daftari hilo pamoja na mgonjwa.