Mali kauli ndiyo iliyoiangusha Nakumatt

Supamaketi yoyote ikifunga tawi Nairobi au Mombasa, swali linalofuata ni lile lile: hawa wageni watamaliza kutuulia maduka yetu lini? Wengine hulipamba kwa kuongeza habari za simu, eti watu siku hizi wananunua mtandaoni na maduka makubwa yamepitwa na wakati. Swali hili limejibiwa mpaka limechosha, na bado linarudi kila msimu likiwa na sura mpya: mara Carrefour, mara Jumia, mara Wachina. Leo tulimalize.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo hoja ya wageni inapovunjika mguu. Uchumi, supamaketi iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa fedha za umma, ilifunga milango Juni 2006. Carrefour ilifungua duka lake la kwanza Kenya, pale The Hub mtaani Karen, mwaka 2016. Katikati hapo Uchumi ilifufuliwa, ikarudi kwenye soko la hisa la Nairobi mwaka 2011, ikaanza kuyumba tena, na Oktoba 2015 ikafunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda. Muda wote huo Carrefour haikuwa imeuza hata pakiti ya chumvi Kenya. Ni kweli kwamba Carrefour ndiyo iliyoingia katika majengo ya maduka ya TRM na Junction jijini Nairobi, lakini iliingia baada ya supamaketi ya Nakumatt kushindwa kulipa kodi ya pango. Fisi aliyekutwa juu ya mzoga si lazima ndiye aliyeua. Tena, kama ugeni ungekuwa silaha, mbona wageni wengine walianguka vibaya kuliko wenyeji? Shoprite ya Afrika Kusini iliingia Kenya mwaka 2018 na haikukaa hata miaka mitatu. Choppies ya Botswana iliondoka. Game nayo ilifunga maduka yake ya Kenya. Naivas, iliyoanzia huko huko Nakuru zilikochipukia Nakumatt na Tuskys, imevuka matawi 100. Sisemi Carrefour ni malaika: Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza faini ya zaidi ya shilingi bilioni moja kwa kuwabana wasambazaji. Lakini kuwabana wasambazaji ni kosa moja, na kuiua Nakumatt ni kosa jingine ambalo haikulitenda.

Hoja ya mtandao ni dhaifu zaidi. Unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia ndizo zinazojaza toroli la Mkenya, na bidhaa hizo bado hununuliwa kwa mkono, dukani au kioskini. Jumia yenyewe iliachana na biashara ya kupelekea watu chakula mwishoni mwa 2023. Wanaopenda kutolea mfano Marekani nao wasome tarehe: Sears ilisitisha katalogi yake kubwa ya kuagizia bidhaa kwa posta mwaka 1993, na Amazon ilianzishwa mwaka uliofuata. Kmart ilikimbilia ulinzi wa mahakama Januari 2002, wakati Amazon ikijulikana zaidi kwa vitabu.

Kilichoziua supamaketi zetu ni mali kauli. Supamaketi huchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa baada ya siku 30, 60, wakati mwingine 90, ilhali mteja hulipa papo hapo, kwa noti au kwa M-Pesa. Tuseme unga wa shilingi laki moja umechukuliwa kwa siku 60. Ukiisha rafuni ndani ya siku 10, duka linabaki na fedha za mwenye kinu kwa siku 50 zilizosalia. Hiyo si faida, ni amana. Faida iliyomo ni shilingi chache tu kwa kila mia. Lakini benki haibandiki jina kwenye noti, na mwenye duka akiona mamilioni yamelala kwenye akaunti hujiona tajiri, akafungua tawi. Tawi jipya huagiza shehena yake kwa mkopo, shehena hiyo huleta fedha taslimu, na fedha hizo hulipa deni la shehena ya zamani. Matawi yakiendelea kuongezeka, hakuna anayegundua. Siku mauzo yanaposimama, deni la miezi miwili iliyopita linaiva huku mapato ya leo yakiwa madogo kuliko ya wakati ule, na zile fedha za mwenye kinu zimeshageuka majokofu, rafu za chuma na amana ya pango katika jengo la Kampala. Huwezi kumlipa msagaji kwa jokofu. Mali kauli yenyewe haina dhambi, na Naivas nayo huichukua kama wenzake wote. Ubaya ni kuigeuza mtaji wa kudumu.

Nani angeona? Nakumatt na Tuskys zilikuwa kampuni za familia, hazikulazimika kuanika hesabu zake hadharani, kwa hiyo wasambazaji waliamini ukubwa wa jengo na yule tembo wa Nakumatt mlangoni. Hata hivyo rafu husema mapema kuliko hesabu. Wa kwanza kudai taslimu ni wenye mkate na maziwa, kwa sababu wao huleta kila siku na hawana nafuu ya kungoja, kwa hiyo bidhaa hizo ndizo huanza kukosekana asubuhi. Kisha chapa zinazouzwa sana hutoweka moja moja. Wafanyakazi huvuta bidhaa mbele ya rafu zikawa safu moja tu isiyo na kitu nyuma yake. Mwishowe utakuta karatasi za chooni au chupa za maji zimetandazwa upande mzima mahali palipokuwa na vyakula, ili tu rafu isionekane tupu. Aliyepita Nakumatt mwaka 2017 aliyaona haya kwa macho yake. Msambazaji aliyeendelea kushusha mzigo hapo hakukosa habari, alikosa moyo wa kukataa oda kubwa.

Wapo watakaosema ninasahau mikosi. Shambulio la kigaidi la 2013 katika jengo la Westgate, Nairobi, liliiteketezea Nakumatt tawi lake kubwa, hilo ni kweli na halidharauliki. Lakini kampuni iliyolemewa hupunguza mwendo. Nakumatt, mwaka 2014, ilichukua maduka ya Shoprite ya Tanzania. Tuskys nayo hutetewa kwa Covid. Katika miezi ile ile ya 2020 ambayo Tuskys ilikuwa ikifungiwa milango na wenye majengo, Naivas na Quickmart zilikuwa zikifungua matawi katika miji ile ile, kwa wateja wale wale waliovaa barakoa zile zile. Na ndugu wenye hisa za Tuskys walikuwa wameanza kuburutana mahakamani miaka mingi kabla ya korona.

Baada ya swali la uongo huja dawa ya uongo: aletwe mwekezaji, au serikali iokoe. Uchumi imeshazinywa dawa zote mbili. Mwishoni mwa 2014 iliwauzia wanahisa wake hisa mpya na kukusanya karibu shilingi milioni 900. Kabla mwaka uliofuata haujafika katikati, bodi ilimfukuza mkurugenzi mkuu, na miezi michache baadaye matawi yakafungwa. Mwaka 2016 serikali nayo ikaahidi shilingi bilioni 1.8. Leo itafute Uchumi. Fedha mpya zikiingia kwenye duka lenye deni la zamani haziendi rafuni, zinakwenda kuwatuliza wadai wanaopiga kelele zaidi, na rafu inabaki vile vile. Utaniambia Naivas ilipata wawekezaji ikastawi, kwamba mwaka 2022 IBL ya Mauritius na wenzake walichukua asilimia 40. Sawa, lakini walinunua duka lililokuwa likilipa, wala hawakuja kuzima moto. Kwa Nakumatt, iliyowekwa chini ya msimamizi Januari 2018 ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, mnunuzi alipatikana, naye alikuwa Naivas: matawi sita yaliyobaki yalikwenda kwa shilingi milioni 422. Gawanya mwenyewe uone mwenye kinu alibakiwa na nini, hasa ukikumbuka kwamba benki yenye dhamana humtangulia. Januari 2020 wadai wenyewe walipiga kura kampuni ifilisiwe.

Sheria? Ipo. Tangu 2019 kuchelewesha malipo ya msambazaji bila sababu kunahesabiwa Kenya kuwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi, na mwaka 2020 Tuskys iliamriwa kulipa. Amri haichapishi noti, na Tuskys ilianguka na amri yake mkononi.

Basi, mambo ya kufanya, haraka haraka. Msambazaji: usimruhusu mnunuzi mmoja kushika zaidi ya kiasi unachoweza kupoteza bila kufunga, mkopo wa bidhaa zinazoharibika usizidi siku 30, tangu 2017 kuna sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, sajili humo dhamana yako juu ya mali kabla hujaishusha, ankara ya kwanza ikichelewa, punguza mzigo, usiongeze ili kumfurahisha meneja, kila mwezi tuma mtu akatazame rafu, hasa ya mkate. Mwenye hisa: acha kuhesabu matawi, soma deni la wasambazaji dhidi ya thamani ya mali iliyomo ghalani, deni likizidi mno, uza. Mwenye jengo: tafuta wapangaji wadogo kadhaa badala ya mmoja mkubwa anayedai punguzo la kodi. Mfanyakazi: hakikisha michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inafika, maana hiyo ndiyo hukatwa kimya kimya bila kupelekwa. Mteja mwenye pointi za kadi au vocha ya zawadi: zitumie wiki hii.