Masomo ya Usimamizi wa Bahari Huanzia Milimani

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba wanaposikia kwamba kijana anakwenda kusomea usimamizi wa bahari na ukanda wa pwani kwa shahada ya pili, hudhani kuwa anakwenda kujifunza kuvua au kupiga mbizi. Dhana hiyo huwafanya baadhi ya wazazi wasite, na watumishi wa Serikali waliohitimu sheria, kilimo, jiografia au uchumi hujiona kuwa elimu hiyo haiwahusu. Makala hii inakusudia kueleza elimu hiyo ni ya namna gani, nani anafaa kuisoma na kazi zipi zinamngojea. Mfano unaotumika hapa ni wa Mikoa ya Mbeya na Iringa, ambayo haina bahari.

Mto Ruaha Mkuu hupata maji yake katika milima ya Uporoto na Kipengere, kisha huteremkia uwanda wa Usangu, Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Huko maji hugawanywa katika mifereji ya mashamba ya mpunga, na yanayobaki huingia katika kinamasi cha Ihefu. Mahali yanapotokea, paitwapo Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba. Maji yakishuka chini ya kizingiti hicho, mto hukatika. Kuanzia mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Maji yanayovuka hapo huungana na ya Ruaha Mdogo, mto upitao Iringa mjini, huingia katika bwawa la Mtera, huendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, na hatimaye humwagika katika Mto Rufiji. Ikumbukwe kwamba tangu mwaka 1980 Unguja hupata umeme wa Tanzania Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari hadi Fumba. Hivyo basi, mkulima anayefungua mfereji Mbarali na mkaazi anayewasha taa Mjini Unguja wanategemea mto mmoja, ingawa hawajapata kuonana.

Rufiji huingia baharini mkabala wa Kisiwa cha Mafia. Katika delta yake upo msitu wa mikoko wa takriban hekta 50,000, ulio mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki. Maji matamu hupunguza ukali wa chumvi, na matope yake hujenga ardhi ya mikoko. Kamba wachanga hukulia humo kabla ya kurudi bahari kuu. Maji au matope yakipungua, mvuvi wa delta huona athari bila ya kujua chanzo chake.

Hata hivyo, msomi hapaswi kuharakisha kumlaumu mkulima wa mpunga. Sehemu kubwa zaidi ya maji ya Rufiji huletwa na Mto Kilombero, unaopokea mito ya Njombe, Mufindi na Udzungwa. Aidha, bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, linaweza kuzuia matope yasifike pwani. Kupima kila sababu kwa kiasi chake, na kupatanisha haki ya mkulima, mzalishaji umeme na mvuvi, ndiyo hasa kazi ya msimamizi wa pwani.

Kwa sababu hiyo, masomo haya huchanganya biolojia na kemia ya bahari, mwenendo wa maji na matope, sheria, uchumi na namna ya kushauriana na wanavijiji. Mwombaji hutakiwa awe na shahada ya kwanza inayokubalika. Shahada ya uzamili kwa kawaida huchukua miaka miwili, na ya uzamivu huzidi hapo. Hapa kwetu ipo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978. Kijana aliyesoma sayansi katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa, Iringa, au uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, anaweza kuwa na msingi mzuri wa fani hii sawa na aliyezaliwa Nungwi.

Kuhusu ajira, wataalamu wa fani hii huhitajika katika idara za uvuvi, mazingira na mipango, katika Mamlaka ya Usimamizi wa Uvuvi wa Bahari Kuu, na katika maeneo ya hifadhi kama Ghuba ya Menai iliyotangazwa mwaka 1997 na Hifadhi ya Bahari ya Mafia ya mwaka 1995. Elimu hiyo pia ina nafasi katika Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake makuu Iringa.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa kupata ruhusa ya mwajiri kabla ya kuanza masomo. Aidha, wanashauriwa kuchagua mada ya utafiti yenye manufaa kwa wananchi, na wasichoke kuifuata hadi bara. Maradhi mengine ya pwani dawa yake iko Usangu, na asiyefika huko ataendelea kuitafuta ufukweni.